Nafasi ya Joram kwenye Benchi

Mbalibali,
5 Februari 1994

Mdogo wangu Kisyeri,

Nakusalimu wewe na Mokami mkeo, na watoto wote wanaolala chini ya yale mabati mapya ambayo nasikia huwezi kupita bila kuyatazama. Sisi huku tuko chini ya nyasi bado, na tunaamka salama. Mihogo yangu imetoka vizuri kuliko ya jirani, nawe unajua jirani yangu ni nani, kwa hiyo furahi pamoja nami. Ng'ombe mwekundu amezaa ndama jike. Mguu wangu umepona. Mwalimu Simioni amestaafu lakini hajafa, anakusalimu, na anasema mpaka leo anakumbuka ulivyolia siku ya hesabu za kugawanya.

Sasa kaa chini. Mwanangu Joram anasoma mota.

Usikimbilie kuuliza ada, si chuo. Kuna fundi pale Mugumu anaitwa Saadi. Babu yake alikuja na biashara kutoka pwani, yeye mwenyewe ni wa hapa hapa. Kazi yake ni kusuka upya mota zilizoungua. Kila Jumamosi baada ya swala ya adhuhuri anafungua ua wake, na yeyote anayependa kujua mota inazungukaje anaingia bure. Yupo Zaitun mshona nguo, yupo Mwalimu Simioni na miwani yake iliyofungwa uzi, wapo wakulima. Hakuna anayetafuta cheti. Wanapenda tu. Mimi namsindikiza Joram, maana kijana wa miaka ishirini ukimwachia njia ya Mugumu peke yake anaweza kufika kwingine. Nakaa benchi la mwisho, nabangua karanga.

Siku ya kwanza fundi alichukua msumari, akauzungushia waya wa shaba, akaunganisha na betri za redio. Msumari ukaokota pini za Zaitun! Akaondoa betri, pini zikaanguka. Wiki iliyofuata kila mtu alikunja waya wake uwe duara dogo, akaulaza juu ya pini mbili zilizounganishwa na betri, chini yake sumaku iliyotolewa kwenye spika mbovu. Wote walikwangua yote ile vanishi inayofunika waya na kuzuia umeme, na waya zao zikatetemeka kama kuku aliyenyeshewa. Wa Joram pekee ulizunguka. Kwa nini? Kwa sababu ncha moja ilikwanguliwa upande mmoja tu, upande wa pili ukabaki na vanishi yake. Fundi akasema mbele ya wote: sumaku ivute, kisha iachie. Ikivuta bila kuachia hakuna mzunguko. Nilitazama huku na huku kuhakikisha kila mtu ameona waya ni wa nani.

Kisyeri, nasikia umenunua pampu ya mota ya kutoa maji kwenye duara lako, hilo shimo la dhahabu. Nakuomba jambo moja. Vijana wa huku wote wanakimbilia Nyamongo, na macho ya Joram yako huko huko. Nikimnyima njia ya juu atashika ya chini. Mchukue akae na hiyo mota, juu, kwenye jua. Nimeandika juu. Asishuke shimoni hata siku moja. Baba yake Magige alishuka na kofia na taa, na sisi tulirudishiwa kofia.

Dada yako anayekupenda kuliko unavyostahili,
Bhoke, mama Joram


Nyamongo,
9 Machi 1994

Dada Bhoke, shikamoo.

Barua yako imechelewa kwa sababu Faridu wa mitumba aliisahau ndani ya bando la makoti, akaikumbuka mteja alipoingiza mkono mfukoni. Sisi wazima. Mokami anakuamkia. Mabati ni mazuri, kweli, sikatai.

Dada, nimecheka mpaka nikashika ukuta. Mota haifundishwi kwa msumari. Mota yangu nimeinunua Kenya, nikaivusha Sirari, ina nguvu za farasi watatu, na wanaume wanne waliishusha kwenye gari wakihema. Stima naitoa kwa jenereta yangu mwenyewe. Halafu wewe unanisomea habari za mshona nguo, mwalimu asiyeona, na mama wa karanga, wamekaa wanaokota pini! Hapa Nyamongo mtu anaingia na suruali iliyotoboka anatoka na redio mbili. Hakuna aliyemuuliza sumaku inavuta nini. Kijana hapa anahitaji mikono na kifua. Yaliyobaki ni maneno mengi.

Nimefurahi kusikia habari za Joram. Anaendeleaje na masomo yake makubwa? Na siku hizi hapo nyumbani mnalala wangapi?

Mdogo wako,
Kisyeri


Mbalibali,
27 Machi 1994

Mdogo wangu Kisyeri,

Salamu kwako na kwa farasi wako watatu. Mvua imeshika, mahindi yamefika magotini, ndama amenenepa. Tunalala wale wale, kwa nini tupungue? Joram hajambo, hapa ninapoandika yuko nje na ng'ombe, namsikia anapiga mluzi.

Kuhusu masomo, mwanangu amewapita wote. Sasa wameacha misumari, wanafungua mota ya kweli, ile ya mashine ya kusaga ya mission, iliyoungua mwaka juzi. Ndani yake, mura, kijana wetu, kuna vitu viwili. Kimoja kimekaa kimya kwenye ukuta wa chuma, kimejaa waya wa shaba uliosukwa kama ukili. Cha pili ni gogo la chuma linalozunguka katikati. Na hilo gogo halijaunganishwa na waya wowote. Hata mmoja! Waya za pembeni zinageuza sumaku yake mbele na nyuma, na gogo linafuata bila kuguswa, kama mbuzi anavyofuata chumvi. Waulize wanaume wako wanne waliohema kama walijua wamebeba kitu cha namna hiyo. Nakuuliza na wewe. Umekaa na mota mwezi mzima, umeijua uzito tu.

Na huo umeme unaouita stima hautakuwa mwingi zaidi kwa kupewa jina la Kenya.

Hujanijibu. Nimesoma barua yako mara tatu nikitafuta neno ndiyo au neno hapana, nikakuta farasi. Nauliza tena: utampokea Joram akae na mota, juu?

Dada yako,
Bhoke


Nyamongo,
24 Aprili 1994

Dada, shikamoo.

Mto Mara ulijaa, Faridu amekaa ng'ambo wiki mbili akiuza soksi kwa watu waliokwama. Mokami ni mzima. Mtoto wetu wa mwisho ameota meno.

Dada, tuache mchezo. Joram yuko kwangu. Alifika mwishoni mwa Februari, saa za mchana, na mfuko mmoja begani. Barua yako ya mwisho imefika amekaa jikoni anakula ugali. Nikaisoma kwa sauti. Nilipofika pale pa mluzi, jiko zima lilianguka kwa kicheko. Mokami alimwaga mboga. Joram naye alicheka, kisha akatoka nje akaacha ugali.

Anasema Jumamosi alizohudhuria ni tatu tu. Anasema hata ule waya uliozunguka, uliouringia kwa fundi, ulikuwa wako. Uliukwangua wewe kwa wembe wa kukatia kucha, ukamsukumizia mbele yake. Ni kweli?

Basi aliyefungua mota ya mission ni nani? Siulizi kwa kejeli. Sawa, nauliza kwa kejeli kidogo. Lakini mota yangu inaumwa. Tangu Pasaka ukiiwasha inaunguruma mmmm, haizunguki, inapata joto, inanuka. Nimeipiga kwa nyundo pembeni, pole pole. Mara nyingine inaamka, mara nyingine inagoma. Maji duarani yanapanda. Muulize huyo fundi wako wa pini kama amewahi kusikia kitu kama hicho.

Joram anafanya kazi vizuri. Ana afya.

Mdogo wako,
Kisyeri


Mbalibali,
1 Mei 1994

Kisyeri,

Leo salamu ni fupi. Mokami namsalimu. Wewe bado nafikiri.

Miezi miwili! Nimepita kwa kila jirani nikitabasamu, nikisema Joram yuko Mugumu, Joram yuko na ng'ombe, Joram amelala. Nilijipikia ugali wa watu wawili ili moshi utoke mwingi. Nawe ulikuwa naye jikoni, ukaniandikia "mnalala wangapi" kama mtu anayechokoza jeraha kwa kijiti aone kama litatoa damu. Limetoa. Umefurahi?

Ndiyo, waya ulikuwa wangu. Nimeishia darasa la nne, na mikono yangu ilikuwa na mafuta ya karanga, na bado ulizunguka. Joram alipoondoka niliendelea kwenda kila Jumamosi. Fundi Saadi akaniuliza, "Mama, mwanao yuko wapi? Kuna watu wanataka nafasi yake." Nikamwambia nitaishika mimi mpaka arudi. Akasema, "Benchi la mbele si la kushikiwa, anayekaa hapo anafanya kazi." Nikaweka karanga chini. Mikono ile uliyoisoma kwenye barua ni hii inayoandika sasa. Cheka, nakupa nafasi, cheka vizuri.

Umemaliza? Sasa sikiliza. Nimeujua ugonjwa wa mota yako. Sikuhitaji hata kumuuliza fundi, nilimweleza tu ili anisifie, na alinisifia. Ukitaka uhakika, zima jenereta, toa mkanda wa pampu, washa, kisha isukume puli, lile gurudumu la mkanda, kwa kijiti kirefu. Kijiti, si mkono, unahitaji hivyo vidole vya kuhesabia mabati. Ikiunguruma tu, na ukiisukuma ikashika kukimbia yenyewe, basi ni ugonjwa ninaoujua. Tiba yake inaingia kwenye kiganja. Jina lake sitaliandika.

Umeandika kwamba Joram anafanya kazi. Hukuandika kazi gani. Umeandika kwamba ana afya, kana kwamba nimekuuliza. Mimi si mtoto, Kisyeri. Mtoe mwanangu shimoni. Akishatoka aniandikie kwa mkono wake mwenyewe, naijua herufi yake ya J. Nikiiona J nitakuja na tiba. Nisipoiona, endelea na nyundo.

Na neno la mwisho. Anayekupikia alikuja kwako kwa ng'ombe zangu. Mimi ndiye niliyeolewa kwa Magige ndipo wewe ukapata za kuolea. Tangu Mokami aingie mlangoni kwako sijawahi kulitaja hili, na sitalitaja tena. Dada akilitaja mara mbili aibu ni yake. Akilitaja mara moja, aibu ni ya kaka.

Bhoke


Nyamongo,
15 Mei 1994

Dada Bhoke, shikamoo. Shikamoo tena.

Mokami amesoma barua yako kabla yangu. Sijaongea naye vizuri tangu Jumanne, yeye ndiye haongei.

Nilimleta fundi kutoka Tarime, na mkoba wa ngozi. Ameweka sikio kwenye mota kama daktari, akasema waya zote zimeungua, isukwe upya yote, nisubiri miezi. Kisha nikafanya ile ya kijiti. Ilikimbia, dada. Iliunguruma, nikaisukuma, ikakimbia. Yule fundi akafunga mkoba akasema ana safari.

Lililobaki ataandika mwenyewe hapa chini. Sikumsomea aandike nini.

Kisyeri

Mama shikamoo. Ni mimi. Itazame J.

Nilikuwa nashuka kila siku. Mjomba hakukwambia kwa sababu nilimwomba asikwambie, halafu hakubisha sana. Wiki iliyopita tukiwa chini watu watano mota ilizimika, ikawashwa, ikawa inaunguruma tu. Tulikuwa tunaisikia kutoka chini. Maji yalinifika kwapani ndipo kamba ikafika. Nilikuwa wa nne kuvutwa. Nikiwa chini nilikumbuka ile kofia ya baba.

Niko juu tangu siku hiyo. Sitashuka tena, na hili halitokani na barua yako, nilishaamua kabla haijafika. Nimesikia umenishikia nafasi. Usinikasirikie, mama, mimi mota sizipendi. Hata ile ya pini sikuipenda. Nilipenda tu ulivyokuwa unacheka ilipozunguka.

Joram


Nyamongo,
12 Juni 1994

Dada Bhoke, shikamoo.

Natumaini ulifika salama na mwanao, na kwamba Faridu hakuwakalisha juu ya viatu. Hapa kwangu tuko wazima, ila heshima yangu ndiyo mgonjwa.

Dada, hukuweza kunitumia ujumbe ukasema unakuja siku gani? Umeshuka kwenye gari la mitumba na kikapu cha karanga kichwani, hukunisalimia, ukaenda moja kwa moja kwenye jenereta yangu ukaizima. Wanaume arobaini wamesimama. Ukauliza, "Bisibisi iko wapi, au nayo ni ya farasi?" Ukafungua ule mkebe mdogo juu ya mgongo wa mota ambao mimi nilidhani ni pambo. Ukalaza bisibisi kwenye vichwa viwili vya kopo jeusi lililokuwa ndani yake, cheche ikaruka, na mimi nikaruka pamoja nayo. Ukasema kwa sauti, wote wakasikia, "Hii inaitwa kapasita. Ndiyo inayoipa mota msukumo wa kwanza. Inaweka umeme tumboni hata mashine ikizimwa, kwa hiyo kwanza unaitoa kinyongo. Huyu bwana alikuwa anaipiga mota kwa nyundo." Ukatoa nyingine kutoka ndani ya karanga. Ndani ya karanga, dada! Ukafunga, ukawasha, mota ikaondoka kama swala.

Ukafuta mikono kwenye kanga, ndipo ukasema, "Kisyeri, hujambo."

Tangu uondoke sina jina hapa. Wananiita mdogo wake mama kapasita. Pampu haijakohoa hata siku moja, duara ni kavu, na kila asubuhi naiwasha mimi mwenyewe kabla mtu hajashika kamba. Hilo nilitaka ulijue.

Mwenye karasha hapa jirani, anayesaga mawe, mota yake inatoa moshi. Anauliza utakuja lini. Nilimwambia nitajaribu mimi kwanza. Nimefungua, nimetazama ndani, nimefunga. Dada, lile gogo kweli halina waya. Nilitazama pande zote. Linafuataje?

Mdogo wako,
Kisyeri


Mbalibali,
26 Juni 1994

Mdogo wangu Kisyeri,

Sasa nakusalimu kwa moyo wote, wewe na Mokami, na mwambie Mokami mboga aliyoimwaga mwezi wa nne nimeisamehe. Tulifika salama. Mahindi tunavuna. Jirani amevuna madebe machache, nimempa pole ndefu sana. Ndama nimempa Joram. Yuko nje na ng'ombe, na safari hii mluzi ni wa kweli, unaumiza masikio.

Mota amezikataa kabisa. Anasema yeye ni mtu wa mifugo, na Septemba anataka kujenga nyumba yake pale kwenye mteremko, mbali kidogo na mlango wangu. Nilifungua mdomo nimwambie ni kijana wa kwanza Serengeti nzima kuzungusha waya, kisha nikaufunga. Nilimsindikiza mpaka Mugumu nikiwa nimemshika kwa macho hatua kwa hatua, na ndivyo nilivyompoteza. Waya uliokwanguliwa wote unatetemeka tu. Hili fundi alilisema tangu Februari, nami nilikuwa nashughulika kuangalia nani ananiangalia.

Jumamosi iliyopita Fundi Saadi alileta daftari la wanaoendelea. Akafika kwangu akasema, "Hapa pameandikwa Joram." Nikamwambia futa, andika Bhoke. Mwalimu Simioni akapiga makofi, miwani ikaanguka.

Kwa mwenye karasha sitakuja. Mwambie aache kwanza kuwasha kitu kinachotoa moshi, hata mtoto anajua. Na wewe usiniulize kwa barua gogo linafuataje, kwa sababu jambo hilo halisomwi, linashikwa. Mtu mwenye mabati mengi kama wewe hashindwi kupanda gari la Faridu Ijumaa akalala kwangu chini ya nyasi. Darasa linaanza baada ya adhuhuri. Atakayekaa pembeni yako ni Zaitun mshona nguo, umsalimie vizuri, maana pini ni zake.

Benchi la mbele lina nafasi moja. Watu wanaitaka, lakini nimeiwekea kikapu changu cha karanga, nakushikia. Njoo na msumari.

Dada yako,
Bhoke